Shangazi Alisema Wanaliwa

Mpaka leo nikisikia utepe wa kaseti ukilia kwa upepo, mwili hunisisimka. Msomaji wa mjini atauliza, kaseti inalia vipi bila redio? Subiri nikueleze. Kule Madibira, mpunga ukishaanza kutia maziwa, tulikuwa tunachukua kaseti mbovu, za kwaya na za dansi bila ubaguzi, tunatoa utepe wote na kuuvuta juu ya majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, kutoka mti hadi mti. Upepo ukipita, utepe hutoa mlio mwembamba usiokoma, na ndege hawaupendi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, na kazi yangu msimu ule ilikuwa kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti tulichojenga katikati ya shamba, na kuamia ndege: kupiga makopo, kurusha madonge ya tope kwa kombeo, kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Chini yangu mpunga ulinukia utamu wake wa kijani, maji ya mfereji yalinuka tope na samaki wadogo, na mikono yangu ilinuka kutu ya makopo. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Mtoto aliyeruhusiwa kupiga kelele kutwa nzima anataka nini tena?

Sisi ni Wanyakyusa wa Rungwe. Baba alihamia Madibira kufuata mpunga wa umwagiliaji, akanunua pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, akawa analima mashamba ya watu. Mwaka ule mama alikuwa amerudi Rungwe kumuuguza bibi, na nyumba ikabaki mikononi mwa dada yake baba, Shangazi Sekela. Jamani, shangazi yangu! Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka mto, na hapakuwa na jambo chini ya jua ambalo hakuwa na maoni nalo. Kituo chake kilikuwa mashine ya kukoboa mpunga. Wanawake wakisubiri zamu zao, wamekaa juu ya magunia, vumbi la pumba limewajaa kwenye kope, yeye alikuwa anachambua taarifa ya habari ya jana yake. Aliwapatanisha marais waliogombana. Alitaja nani atashinda uchaguzi katika nchi ambazo hata majina yake alikuwa anayatamka kwa shida. Ndege kubwa ikipita juu kabisa na kuacha mstari mweupe, wengine walisema ule ni moshi wa jiko, humo ndani wanapika. Shangazi aliwacheka. "Ile inakwenda Afrika Kusini," alisema, "na rubani saa hizi amelala fofofo. Inajiendesha yenyewe. Mnadhani nani anaweza kukaza macho safari yote ile?" Na hapo, ajabu ya Mungu, hakuwa mbali sana na ukweli.

Kilichompa cheo hasa ni mnara wa simu. Ulipojengwa, mwaka mmoja kabla, wazee walisema utafukuza mvua, mpaka mkutano wa kijiji ukaitishwa. Shangazi alisimama mbele ya wanaume wote akasema mnara hauli mvua, mnara unakula umeme tu. Mwaka ule mvua ikanyesha mpaka kingo za mifereji zikabomoka. Tangu hapo, aliyekuwa na mashaka juu ya chochote chenye waya, injini au dawa, alikwenda mashineni kumuuliza Sekela. Binamu yangu Ambakisye, mwanawe aliyekuwa anauza nguo Mwanjelwa kule Mbeya, alimletea simu ndogo yenye tochi, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa nyoka anayekula vidoti na kurefuka. Shangazi alitangaza kwamba mchezo ule unakausha macho, na kwamba msichana anayeucheza ataota nyoka mpaka siku ya kuolewa. Nikaogopa kweli. Jioni moja niliingia jikoni nikamkuta ameinamia ile simu, ncha ya ulimi iko nje, anamkimbiza nyoka huku sufuria likiungua. "Nakagua chaji," akaniambia bila kupepesa. Nilicheka wiki nzima, na sikuona ubaya wowote.

Ng'ambo ya mfereji mkuu waliishi kina Kabula. Walikuwa Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao mpaka bonde la Usangu kabla mimi sijazaliwa, na bado watu waliwaita wageni. Wakulima na wafugaji walikuwa na kesi zao zisizoisha: ng'ombe kaingia shambani, mfereji umekanyagwa, twende kwa mtendaji. Sisi watoto hazikutuhusu. Kabula alinifundisha kusalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, kila asubuhi na kulenga shabaha kwa kombeo, mimi nikamfundisha kuiba simu ya shangazi mchana akiwa amesinzia. Tulikuwa tunapanda nayo dunguni, tunapokezana, na nyoka wake daima alikuwa mrefu kuliko wangu. Msimu ule baba yake alikuwa ameswaga ng'ombe kuelekea Chunya kutafuta malisho. Maziwa yakakatika kwao, mama yake akabaki na watoto, ugali na mlenda. Nilijua hali si nzuri kwa sababu Kabula alianza kukaa kwetu mpaka chakula kiive.

Baada ya Pasaka wakaja kweleakwelea. Wale si ndege wa kuhesabu. Walishuka shambani kwa kundi moja, shamba likageuka rangi, wakainuka, na pale walipokuwa pakabaki mabua matupu. Utepe ukalia, makopo yakalia, sisi tukalia, wapi! Baba alisimama kwenye tuta, kofia mkononi, akiangalia jasho lake likiliwa. Siku ya nne mtendaji wa kijiji akapita na pikipiki na kipaza sauti: kesho jioni ndege itakuja kunyunyiza dawa kwenye matete wanakolala kwelea. Mtu asiokote ndege. Mtu asile ndege. Asichote maji kule wala kulisha mifugo, siku saba. Alirudia mara mbili, na kesho yake akapita tena. Hilo naliandika kwa sababu baadaye wapo waliosema hawakuambiwa. Tuliambiwa.

Ndege ilikuja jua likiwa limeshagusa milima. Ilikuwa ndogo, ya njano, ikashuka chini mpaka nikaona kofia ya rubani, na mimi na Kabula tukapiga mayowe tukikimbia kwenye tuta tukidhani tutaifikia. Ikanyoosha, ikageuka, ikanyoosha tena, nyuma yake ukungu mweupe unaanguka juu ya matete. Upepo ulipotugeukia tulisikia harufu kali ya vitunguu saumu vilivyooza. Kijiji kizima kilikuwa nje na kila mtu alikuwa fundi wa ndege. Mmoja alisema rubani ni mzungu, mwingine akasema ni Mchaga, anamjua. Mwingine aliapa kwamba ndege ya injini moja haiwezi kugeuka kushoto, na papo hapo ikageuka kushoto, naye akaendelea kueleza tu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa mashineni na shangazi, na hoja ya siku ilikuwa moja. Habari zilikuwa zimefika kwamba chini ya matete ndege wamelala kwa maelfu, wanono, wameshiba mpunga wetu wenyewe. Je, wanaliwa? Mmoja akasema mtendaji anatutisha ili wakubwa wale peke yao. Mwingine akasema dawa ile ni ileile ya mbu. Ndipo akaja Mama Kabula na kindoo chake cha mpunga, akasalimia kila mtu kwa goti, akamgeukia shangazi. "Dada, wewe unaelewa haya mambo. Kweli hawa ndege wanaliwa? Nina watoto nyumbani." Mashine ilikuwa inanguruma, shangazi akasubiri itulie kidogo ili asikike vizuri. "Wanaliwa," akasema. "Dawa ile inakwenda kwenye pumzi, haiendi kwenye nyama. Na kifua cha kwelea ni kidogo, cha mtu ni kikubwa. Toa utumbo, osha na chumvi, kaanga mpaka wakauke." Wanawake wakaitikia, kweli, kweli. Penye wengi hapaharibiki neno, mmoja akasema. Mama Kabula akashukuru kwa mikono miwili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari kuwa na shangazi mwenye akili kiasi kile.

Nikakimbia kumtafuta Kabula. Tulienda na ndoo mpaka ukingoni mwa matete. Walikuwa wametapakaa kila mahali, midomo myekundu imefumbuka, wengine bado wanapiga bawa moja polepole. Niliwaonea huruma kidogo, halafu nikazoea. Ile harufu ya vitunguu ilinishika mikononi, nikajifuta kwenye sketi, haikutoka. Ndoo ilipojaa tukagawana: mimi kopo moja, Kabula ndoo nzima, maana kwao midomo ilikuwa mingi. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Mwambie mama akaushe vizuri." Tukaagana pale kwenye daraja la mfereji.

Nilipita kwanza dunguni nikaamia kwa muda mrefu, nikafika nyumbani adhuhuri, kichwa kinaniuma, nikadhani ni jua. Shangazi alikuwa anakoroga maharage. Nikamwekea kopo mbele yake nikisubiri sifa. Alitazama ndani, uso ukabadilika. Alichukua kopo kwa kijiti, kwa kijiti wallahi, hakutaka hata kuligusa, akaenda kulimwaga chooni kopo na vilivyomo. Akarudi akanikokota mpaka penye maji, akanisugua mikono kwa sabuni na majivu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ngozi ikawaka. "Hapa tunakula maharage," akasema. Nilisimama maji yananidondoka kwenye viwiko. "Lakini shangazi, umesema wanaliwa." Akasema, "Nimesema." Nikauliza, "Na kina Kabula?" Akarudi kwenye chungu chake akaendelea kukoroga. "Ah, wale wamezoea vitu vya porini. Wasukuma wana matumbo ya chuma."

Sijui nielezeje. Nimeshapata habari za vifo tangu siku ile, nimeshaibiwa, nimeshadanganywa na watu niliowapenda, lakini hakuna sentensi iliyowahi kunishtua kama ile. Kama angekuwa amekasirika ningeelewa. Kama angekuwa anawachukia ningeelewa pia. Aliisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba nimpe chumvi. Nikamtazama shangazi yangu, yule aliyenisuka nywele jana yake, nikamwona mtu nisiyemjua. Kisha miguu ikaamka kabla ya akili, nikakimbia.

Kutoka kwetu mpaka kwa kina Kabula ni mwendo wa kupika uji. Nilikimbia juu ya matuta, nikaanguka jarubani, nikaamka na tope mpaka kifuani, nikavuka daraja la mfereji, nikakata uwanja ule mpana ambao ng'ombe walikuwa wanalala. Kwa mbali niliona moshi, nikaona watu wamekaa nje kuzunguka sinia. Nilitaka kupiga kelele, mimi niliyepiga kelele msimu mzima, na sauti haikutoka. Nilipofika, Kabula mashavu yote mawili yalikuwa yamejaa. Wadogo zake walikuwa bado, mama alikuwa anawapozea, na yeye mwenyewe hajagusa kitu. "Msile!" nikasema. Mama Kabula akanitazama na tope langu. "Lakini shangazi yako amesema." Nikamwambia, "Yeye mwenyewe hali. Amewatupa chooni." Hakuuliza tena. Alipindua sinia kwa mguu, akamshika Kabula kichwa, akamwingiza vidole kooni.

Vilitoka vichache. Haikupita saa moja, Kabula akaanza kutoa mate, mate mengi yasiyokoma, jasho likamtiririka na huku anasema anasikia baridi. Mboni za macho zikasinyaa zikawa vitone. Nyama za mapajani zikaanza kurukaruka zenyewe chini ya ngozi. Nilimfuata baba shambani, akaja na pawatila na tela lake, tukampakia. Ee Mungu, pawatila! Ni mashine nzuri ya kulima, lakini ukimkimbiza mgonjwa ndipo unajua haikuundwa kukimbia. Baba alikuwa ameikaza mpaka mwisho, inatoa moshi mweusi, na baiskeli zikawa zinatupita. Mama Kabula alikuwa amempakata mwanawe akimwita jina tu, Kabula, Kabula, na mimi nimeshika miguu yake isirukeruke. Pale kituo cha afya nesi aliuliza swali moja, amekula nini, na alipojibiwa alikimbia mwenyewe kufuata sindano. Walimchoma moja, wakasubiri, wakamchoma nyingine, na nyingine tena. Jioni likapatikana gari la kumpeleka hospitali kubwa.

Gari lilipokuwa linasubiriwa, shangazi akatokea. Alikuwa amekuja kwa miguu, kabeba chupa ya uji, kanga imekaa upande. Nilidhani Mama Kabula atamrukia, na kusema kweli nilitaka amrukie. Hakumrukia. Alimtazama akauliza taratibu, "Dada, ulijua?" Shangazi akaanza kulia. "Sikujua," akasema. "Haki ya Mungu sikujua kitu. Mimi nilikuwa naongea tu."

Nilikuwa naongea tu! Tulilelewa na methali ya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama Kabula alilisikia la mkuu, alilifuata mpaka kwenye chumvi. Hakuna aliyetufundisha la kufanya pale mkuu anapokuwa anaongea tu. Na tafadhali usinielewe vibaya, sisemi alikuwa mwongo. Mwongo anaujua ukweli. Shangazi hakuujua ukweli wala uongo, alijua tu kwamba ameulizwa mbele za watu na kwamba mashine imenyamaza kumsubiri. Kabula alikaa hospitali siku nyingi, akarudi amepona, ila mguu wa kushoto haukurudia nguvu zake, mpaka leo anauburuta kidogo. Na mashineni je? Utadhani shangazi alifunga mdomo. Alifunga, wiki mbili. Wiki ya tatu nilipita nikamsikia anaeleza jinsi simu zinavyopitisha sauti ardhini, na wanawake walewale wanaitikia, kweli, kweli. Niliwatazama mmoja mmoja nisiamini macho yangu.

Siku hizi mimi ni mwalimu Iringa mjini. Shangazi yuko hai, anaishi Mbeya kwa Ambakisye, ana simu ya kupangusa na hahitaji mashine ya kukoboa kuwakusanya watu. Ndege ikianguka popote duniani, kabla moto haujazimwa, ameshatuma sauti kwenye kundi la ukoo akieleza injini ipi ilizimika. Tena hayuko peke yake. Watu ambao hawajawahi kupanda ndege hata iliyosimama wanabishana juu ya makosa ya rubani. Mwingine anasema magemu yanapunguza damu kichwani, huku mwanawe na mwanangu wanarusha ndege kwenye kioo cha simu wala hawamsikii. Vita, chanjo, uchaguzi, akili za kompyuta, kila kitu kina mtaalamu wake na wote wana vidole vyepesi. Zamani ungelazimika kusubiri zamu ya kukoboa ndipo upotoshwe. Sasa maoni yanakufuata mpaka kitandani.

Ningependa kuishia hapo, niwaseme wenzangu nikalale. Lakini juzi, kwenye kundi letu tuliosoma pamoja Madibira, mtu aliweka picha ya droni inanyunyiza dawa kwenye majaruba. Hakuna tena ndege ya njano wala rubani mwenye kofia, ni kidude kinachonguruma kikiongozwa na kijana aliyesimama kwenye tuta. Mtu akauliza, hivi mboga zilizo kando ya shamba zinachumwa siku hiyohiyo? Nikajibu. Mimi! Niliandika kwamba dawa ya droni ni laini sana, inatua mahali pamoja, mboga hazina shida, osheni tu. Sikuwa nimesoma popote. Sikuwa nimemuuliza yeyote. Nilikuwa nakunywa chai, swali likaja, nikajisikia kujua. Watu wanne wakaweka kidole gumba, na mmoja akaandika, asante madam. Kisha Kabula akaandika maneno mawili: "Una uhakika?"

Nikaufuta ule ujumbe hapohapo. Nikaandika kwamba sijui, wamuulize bwana shamba kabla hawajachuma, kisha nikampigia Kabula. Ana shamba lake palepale Madibira, ana watoto watatu, na ananicheka kwa kila kitu. "Atupele, wewe nawe! Damu ya shangazi yako hiyo," alisema. Sikuweza kucheka. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia miaka yote: kwamba bado ninaota nikikimbia siku ile, kwamba nilianguka jarubani, kwamba nisingeanguka ningewahi, anisamehe kwa kuchelewa.

"Lakini hukuchelewa," akasema. "Nilikuona tangu ukiwa darajani. Nilikuwa bado sijatia hata mmoja mdomoni. Nikajua unakuja kuomba tuwagawane tena, nikawala harakaharaka usinikute nao."

Alikuwa anacheka alipokuwa anasema. Mimi nilikaa kitandani na simu sikioni, nikihesabu hatua zangu kutoka darajani mpaka kwenye lile sinia.